Kanisa la mjini na vijana wenye maswali magumu: tuanzie wapi?

Shemasi wa Sinza aliuliza:

Habari wakuu. Naomba ushauri wa wanaoifahamu kazi hii kwa undani.

Usharika wetu uko Sinza, Dar es Salaam. Jumapili tunakuwa watu 140 hivi, wengi wao familia zenye watoto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, si mbali, na wahitimu wamejaa mitaa yote kuanzia Mwenge hadi Kijitonyama: miaka 22 hadi 32, wengine benki, wengine kampuni za simu, wengine bado wanajitafuta. Wengi walikuwa kwenye fellowship za wanafunzi Wakristo, TAFES, USCF au CASFETA, walipokuwa chuo. Wakishahitimu wanakuja kanisani mara mbili, ya tatu huwaoni. Ukiwafuata hawagombani na mtu, wanauliza tu. Mungu alikuwa wapi Shakahola, kule Kenya, waumini walipofunga hadi kufa kwa agizo la mhubiri wao? Watu 20 walikufa Moshi mwaka 2020 wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako, mbona mafuta bado yanagawiwa? Jirani yangu Mwislamu karithi dini kwa baba yake na mimi kwa baba yangu, nani kasema yangu ndiyo sahihi? Na sadaka inakwenda wapi?

Baraza la wazee linataka skrini ya LED, taa na ngoma mpya, jumla shilingi milioni 18, "vijana nao wapate kitu chao". Kabla ya kuamua, wamenipa milioni 6 kwa mwaka mmoja nijaribu njia nyingine. Mifano inayotajwa kila mara ni kanisa la Redeemer la New York, na kwa majirani zetu wa Kenya makanisa ya Nairobi Chapel na Mavuno. Nini hasa kiliwakuza? Nianze na lipi, na watu huharibu wapi?

Mlango wa Nyuma alijibu:

Salamu kutoka Nairobi, shemasi. Kabla hujatoa hata shilingi, wagawe hao unaowaita wenye mashaka, maana si kundi moja. Yupo asiyeamini kwa sababu ya hoja, na huyo anataka jibu. Yupo aliyechoshwa na kanisa, huyo jibu zuri halimsaidii, anaangalia mnavyoishi. Halafu wapo wale ambao imani yao haina tatizo kubwa, ila hawana kazi ya kufanya, na kwa waliotoka fellowship za chuo hawa huwa wengi kuliko mnavyodhani. Chuoni alikuwa katibu, aliandaa misheni ya wiki nzima, alifundisha Biblia mbele ya ukumbi. Kwenu anapewa kupanga viti na kuambiwa asubiri akomae. Huyo hahitaji mdahalo juu ya kuwepo kwa Mungu. Mpe kundi aliongoze ndani ya miezi mitatu.

Nairobi Chapel ilianza 1952 ikihudumia Wazungu wa enzi za ukoloni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki watu kama ishirini tu pale Mamlaka Road, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Oscar Muriu alipoishika, waliwalenga wanafunzi waliokuwa wakipita mbele ya geti. Jambo la kifedha hapa watu hulipita haraka: sadaka ya mwanafunzi ni ya kununulia maandazi. Ila mwanafunzi yule baada ya miaka mitano ni mhasibu, ni daktari, ni wakili, na kanisa lililomlea ndilo analolibeba. Baraza linalopima huduma ya vijana kwa sadaka ya mwaka wa kwanza litaifunga kabla haijazaa.

Mwaka 2005 waligawanyika makusudi kuwa makanisa matano badala ya kujenga ukumbi mmoja wa kutisha. Mamlaka Hill Chapel ikabaki pale pale na wanafunzi, Nairobi Chapel ikahamia Ngong Road, kisha zikazaliwa Mavuno, Lifespring na Mashariki. Mavuno chini ya Muriithi Wanjau ikawaelekea vijana wa kazini waliokuwa wamelitupa kanisa. Mlango wao ukawa Mizizi, mafunzo ya majuma 10. Wengi huja Nairobi, hunakili masomo, hurudi kwao, na hawaoni matunda. Masomo ni sehemu ndogo. Kinachofanya kazi ni kwamba watu walioketi pamoja majuma yale kumi huendelea pamoja kama kundi la nyumbani baada ya kumaliza. Ukiwatawanya siku ya vyeti, umeendesha semina.

Kwa hiyo panga makundi ya watu 12 ukijua wachache watakatika njiani. Kiongozi asibadilishwe juma la 11. Msipumzike mwezi mzima "kusubiri ratiba". Na nyumba ya kukutania iwe karibu na kituo cha basi. Kundi la Mbezi Juu linaloisha saa 3 usiku, mvua inanyesha, bajaji hazipatikani, litakufa hata likiongozwa na malaika.

Meza ya Mbele alijibu:

Nakubaliana na Mlango wa Nyuma kuhusu makundi, ila anapunguza mno nafasi ya mimbari. Redeemer ilikuzwa kwanza na namna ya kuhubiri.

Mwanzilishi wake, Tim Keller, alitoka kuchunga kanisa la mji mdogo wa Hopewell, Virginia, miaka tisa, kisha akafundisha seminari ya Westminster kule Philadelphia. Dhehebu lake, Presbyterian Church in America, lilitaka kanisa Manhattan. Wawili walioombwa kabla yake walikataa. Akaanza yeye na mkewe Kathy mwaka 1989, wakaazima jengo la Wasabato upande wa mashariki wa Manhattan, kwa sababu Wasabato wanasali Jumamosi na Jumapili jengo liko wazi. (Shemasi, hilo lifikirie na kwa Dar. Ni jengo la ibada tayari, lina viti na choo, na majirani wamezoea nyimbo.) Mwaka 1993 wakahamia ukumbi wa Hunter College. Jengo lao la kwanza, la mtaa wa West 83rd, lilifunguliwa 2012. Yaani zaidi ya miaka ishirini maelfu ya watu walikusanywa na kanisa la kupanga.

Hawakujitangaza. Hesabu yao ilikuwa kwamba tangazo huwaleta Wakristo wa makanisa mengine wanaotafuta ibada tamu zaidi, na mwenye mashaka haji kwa bango, anakuja na rafiki. Na rafiki humleta mtu mahali ambapo ana hakika hataaibika naye. Hapo ndipo mimbari inapoingia. Muumini akisikia Jumapili mfululizo mhubiri anamtaja asiyeamini kwa heshima, tena anaieleza hoja yake vizuri kuliko mwenye hoja mwenyewe, Jumapili inayofuata atamleta mwenzake wa ofisini. Akisikia "wapagani", "watu wa dunia hii", hamleti, ingawa yeye mwenyewe ataendelea kuja.

Kwa vitendo, mahubiri ya dakika 30 hadi 35 yanaandaliwa hivi. Ukishamaliza kulichambua andiko, andika pembeni pingamizi mbili au tatu ambazo mtu mwerevu asiyeamini angezitoa kwa andiko hilo hilo. Zisiwe pingamizi nyepesi za kupigia makofi. Chagua moja, iseme ndani ya dakika kumi za kwanza, kabla hajaisema yeye moyoni na kuzima masikio. Keller alikuwa anaanza na kitu ambacho msikilizaji tayari anakiamini, haki za binadamu kwa mfano, halafu anauliza imani hiyo imesimama juu ya nini. Hiyo ni tofauti na kumwambia kwamba amepotea. Mwisho mpe hatua ndogo. "Nyoosheni mikono mnaotaka kuokoka leo" kwa mtu aliyefika mara ya kwanza ni kumwomba posa siku ya kutambulishana.

Baada ya ibada Keller alibaki mbele na yeyote aliyetaka akauliza. Hapa kwetu mchungaji hutoka kwa mlango wa ubavuni akiwa na msaidizi wa kumbebea Biblia.

Na lugha ya matangazo isafishwe. Chukua tangazo hili la kawaida: "Wapendwa, Ijumaa tuna mkesha wa kubomoa madhabahu za giza, njoo na mbegu yako, usikubali adui akuzuie." Mgeni mwenye shahada ya takwimu kasikia vitisho, kaombwa hela, na hajui ni saa ngapi wala wapi. Sema: "Ijumaa saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri tutaomba hapa ukumbini kwa ajili ya wagonjwa na wasio na kazi. Hakuna mchango. Ukitaka kuondoka saa 6, kuna mtu wa kukusindikiza hadi kituoni." Mkesha ni ule ule.

Mama Mlezi alijibu:

Mwanangu shemasi, kaka zako wamekupa historia. Mimi nikupe jioni yenyewe inavyokwenda, maana milioni 6 utaitumia hapo.

Mtindo huu wa chakula, somo fupi, kisha mazungumzo ni wa zamani kidogo. Kozi ya Alpha ilianzia Holy Trinity Brompton, London, mwaka 1977 kwa ajili ya waumini wapya, na baada ya Nicky Gumbel kuichukua 1990 ikageuzwa kuwa ya watu wa nje. Mizizi na nyingine nyingi zina umbo la jamaa moja. Usibishane na umbo, linafanya kazi. Bishana na namna linavyoendeshwa.

Siku iwe Alhamisi. Jumatatu watu wamechoka, Ijumaa wana mambo yao. Mahali pasiwe kanisani kwa majuma matatu ya kwanza, chukua chumba cha juu cha mgahawa au ukumbi wa chama fulani wenye meza. Saa 12:30 jioni chakula kiwe tayari mezani, maana watu wanatoka kazini na foleni na hawajala tangu mchana. Chakula kiwe cha kushiba, wali maharage na mchicha, au chapati na mchuzi, si soda na biskuti. Saa 1:10 somo la dakika 20, anayezidi anakatishwa. Kisha makundi ya watu wanane hadi kumi kwa dakika 45. Dakika 20 za mwisho ni maswali ya wazi kwa wote. Saa 2:40 mmemaliza. Wanaotaka kubaki wabaki, lakini funga rasmi, ili mwenye usafiri wa shida asijisikie mkosaji kuondoka.

Kiongozi wa kundi hajibu maswali. Hili ndilo gumu kuliko yote kuwafundisha watu wa kanisa. Mtu akisema "mimi sioni kama maombi yanafanya kitu," kiongozi anauliza wengine wanaonaje, anasubiri, ananyamaza hata kimya kikiwa kirefu. Mkristo aliyekomaa akisikia hivyo anawashwa, anafungua Warumi 8, na kundi limekufa, hakuna atakayesema kweli tena hadi juma la kumi. Wafundishe Jumamosi mbili kamili kabla ya kuanza, mkiigiza: mmoja anakuwa mwenye mashaka, mwingine kiongozi, na kila akijibu kwa andiko mnaanza upya.

Maswali ya wazi yakusanywe kwa karatasi zilizokunjwa kwenye kikapu, au fomu ya mtandaoni isiyoomba jina. Usikusanye kwa WhatsApp, namba inaonekana. Msomaji asome swali lilivyoandikwa, asilipambe wala kulipunguzia makali. Jopo liwe la watu wawili tu, na mmoja wao asiwe mchungaji. Kila jibu dakika tatu. Msichokijua semeni hamkijui, andikeni, na Alhamisi inayofuata anzeni nacho. Mkilisahau swali mlilosema mtalirudia, watalikumbuka kuliko yote mliyojibu vizuri.

Sasa uharibifu. Wa kwanza ni idadi. Wageni wakiwa 8 na waumini 22, jioni imegeuka kuwa fellowship na wageni wanatazamwa kama bibi harusi. Muumini asiye na mgeni wala kazi abaki nyumbani akaombe. Wa pili ni kumwombea mtu kwa kumshtukiza: kauliza swali juu ya kifo cha mama yake, watu wanne wamemzunguka wamemwekea mikono kichwani. Mwulize kwanza. Wa tatu ni kumwingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp bila idhini, kesho yake anaamka na ujumbe 140 wa "Amina" na picha za maua. Wa nne ni yule mmoja, kila kundi humpata, aliyesoma sana na anataka kushinda. Msimzime mbele za watu. Mpeni miadi ya kahawa na mtu anayemudu, ili wengine wapate nafasi.

Hesabu: watu 30 kwa shilingi 4,000 ya chakula ni 120,000 kwa jioni. Majuma 10 ni 1,200,000. Awamu mbili kwa mwaka, 2,400,000. Kila awamu iwe na Jumamosi moja ya kutwa nje ya mji, tuseme 500,000, mbili ni 1,000,000. Mafunzo ya viongozi na vitabu 600,000. Kijana mmoja wa kufuatilia watu, nauli na vocha 160,000 kwa mwezi, kwa mwaka 1,920,000. Jumla 5,920,000. Ukumbi utafute wa bure kwa mwenye mgahawa anayeuza chakula hicho hicho.

Bwana Mashaka alijibu:

Nawasoma kimya kimya, ngoja niseme kwa upande wa pili. Mnajadili kama vile tatizo ni maswali ya sayansi na uovu. Kwa wengi wetu maswali hayo ni ya usiku. Cha mchana ni hiki: nani anapewa kipaza sauti, na hela za nani.

Kenya walilielewa hilo kwa shida. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia ibadani Septemba 2021. Novemba 2024, baada ya vijana kuyasema sana makanisa wakati wa maandamano ya mwaka huo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likaagiza mchango wa Rais Ruto kwa parokia ya Soweto urudishwe. Kitendo kile kilisikilizwa na vijana ambao hawajasikiliza mahubiri miaka mingi. Hamkuhitaji skrini ya LED kwa hilo.

La pili, msitufanye mradi. Mama Mlezi kasema vizuri kuhusu chakula, ila mtu akila majuma kumi na asibadilike, bado mtamsalimia? Wengi wetu tunalipima kanisa kwa juma la 11.

Meza ya Mbele alijibu:

Bwana Mashaka, hoja ya juma la 11 ni ya haki. Redeemer walianzisha Hope for New York mwaka 1992, shirika la kupeleka fedha na watu wa kujitolea kwa mashirika ya jijini yanayohudumia maskini. Asiyeamini alikuwa na mahali pa kushika kazi bega kwa bega nao bila kusaini lolote. Shemasi, hapo Sinza kuna vituo vya watoto na hospitali ya Palestina. Mtu anaweza kuchangia damu na ninyi mwaka mzima huku bado habatizwi.

Mweka Hazina alijibu:

Nadandia kwenye hoja ya hela, maana huko ndiko ninakofahamu.

Sadaka ihesabiwe siku ile ile, na watu watatu wasio ndugu, mmoja awe kijana, na wabadilishwe kila mwezi. Fomu moja ya nakala tatu: ya mweka hazina, ya katibu, ya faili. Noti zipangwe kwa thamani, wote watatu wasaini, fedha ziende benki Jumatatu. Zisilale kwa mchungaji, hata awe mtakatifu namna gani, kwa usalama wake mwenyewe. Lipa namba iwe kwa jina la kanisa. Mgeni akituma 5,000 simu ikamrudishia jina la mtu binafsi, hamtampata tena, na atawaonyesha wenzake hiyo meseji.

Kila robo mwaka bandikeni ukurasa mmoja mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mishahara na posho ziwe mstari wake, pango mstari wake, misaada mstari wake. Mstari wa "matumizi mengineyo" ukizidi asilimia tano ya jumla, uvunjeni. Vijana wa benki wakiuona ukurasa ule, jicho huanzia hapo hapo. Halafu mpeni mmoja wao, hata kama bado hajajiunga rasmi, akague vitabu vya mwaka uliopita pamoja na mkaguzi wenu. Wazee watashtuka. Waambieni kanisa limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya na hesabu si siri ya ukoo.

Na dakika za sadaka ibadani zipungue. Mahubiri ya dakika kumi kabla ya kapu, kisha ahadi, kisha mbegu, kisha harambee ya jenereta: hiyo ni mara nne kwa ibada moja. Mgeni anazihesabu kuliko ninavyozihesabu mimi. Pitisheni mara moja, na tangazeni kwamba wageni hawalazimiki.

Shemasi wa Sinza aliandika:

Asanteni sana, wakuu. Mama, shikamoo, hesabu yako nimeinakili kama ilivyo. Maswali mawili. Wazee watauliza, basi ukumbi tusiufanyie chochote kabisa? Una mita 15 kwa 9, bati juu bila dari, ukuta wa saruji. Na tutajuaje kama mwaka umefaulu, maana wao wanahesabu vichwa?

Fundi wa Sauti alijibu:

La ukumbi niachieni mimi. Bati bila dari na kuta tupu, hata mkinunua spika za milioni kumi maneno yatagongana yenyewe. Ndiyo maana sauti inapandishwa, majirani wanalalamika, na bado wa nyuma hawasikii mahubiri. Anzeni na dari nyepesi, au hata vitambaa vizito vikining'inizwa chini ya bati kwa mistari. Ukuta wa nyuma wote uwe na pazia nene lenye mikunjo, kwa sababu mwangwi mbaya unatoka huko. Spika mbili ziinuliwe hadi mita mbili na nusu, ziinamishwe zitazame katikati ya watu, zisitazame ukuta. Kipaza sauti cha mhubiri kiwe cha kuvaa sikioni, na fundi aondoe besi kwenye chaneli hiyo. Ngoma mpya kwenye ukumbi huo zitafunika kwaya, mbaya kuliko za sasa. Mwenye maswali amekuja kusikiliza sentensi, na sentensi ni konsonanti. Skrini ingojeni.

Mlango wa Nyuma alijibu:

La vichwa. Jumapili ya tarehe 16 Septemba 2001, siku tano baada ya minara miwili ya New York kuangushwa na magaidi, waliofika Redeemer walikaribia mara mbili ya kawaida. Wengi wao hawakubaki. Hesabu ya vichwa ya siku moja haikuambii mengi.

Wapelekee wazee namba nne kila mwezi. Wageni waliokuja kwa mara ya nne, maana mara ya kwanza ni udadisi na ya pili ni adabu. Waliomo kwenye makundi ya katikati ya juma. Walioshika kazi yoyote yenye jina. Na waumini walioleta mtu mwaka huu, ambayo wazee hawajazoea kuihesabu. Hiyo ya mwisho ikibaki chini, usiwalaumu vijana wa nje. Maana yake waumini wenu wenyewe wanaona aibu na ibada yenu, na mnapaswa kuwauliza wao, tena kwa karatasi isiyo na jina.

Mkifika makundi sita, msiyakusanye yote Jumapili kwenye ibada moja ya vijana. Vijana wakipewa ibada yao peke yao, siku wanaoa na kupata mtoto hawana pa kwenda, na wazee wamebaki peke yao. Redeemer yenyewe, Keller alipoacha kuichunga 2017, iligawanywa kuwa sharika tatu kwa maeneo ya jiji, si kwa umri.

Mama Mlezi alijibu:

Marahaba, mwanangu. Ongeza moja: usianze Januari, watu wana ada na kodi ya nyumba. Usianze karibu na Pasaka, mtakatishwa. Awamu ya kwanza ianze wiki ya pili ya Mei iishe Julai, ya pili ianze Septemba iishe kabla ya watu kusafiri kwenda kwao Desemba. Kati ya sasa na Mei fanya mazoezi ya viongozi. Ukipata wanane wanaoweza kukaa kimya dakika moja nzima bila kujibu, una makundi manne. Ukipata wanne, anza na mawili.